Mtaa wa Nne Umezimwa Tena

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe pamoja na wifi, na yule binti yenu ambaye nasikia siku hizi hatembei tena, ni mbio tu. Sisi huku hatujambo. Goti la mama limepungua uvimbe tangu daktari ambadilishie dawa, na sasa anapanda ngazi zote hadi ghorofa ya tatu bila kushikwa mkono, ingawa akifika mlangoni hujifanya anakagua rangi ya ukuta ili apumue. Mimi mwili hauna neno. Kichwa ndicho kinachonisumbua, na kisa chake ndicho kilichonishikisha kalamu. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza mara moja tu nitaishia kukusimulia habari za goti.

Unajua bado naandika uhakiki wa michezo ya kompyuta katika gazeti lile lile. Wiki tatu zilizopita mhariri wangu aliniita mezani kwake akanipa mchezo mpya. Akaniambia ni wa kujenga mji katika dunia iliyoganda barafu: watu mia na hamsini, kisima kimoja cha mvuke wa moto, na mchezaji ndiye kiongozi wao. Kabla hajafika mwisho wa maelezo nilishajua kuwa ni mchezo wenu, ule uliokula miaka yako mitatu ya kuutengeneza. Yeye hakujua kwamba mimi na wewe tumezaliwa tumbo moja. Nilipaswa kusema palepale. Badala yake nilishukuru, nikauchukua, nikaenda zangu nyumbani.

Sasa niruhusu niseme bila kuzungukazunguka: mchezo wenu umenitia wazimu. Siku mbili za kwanza nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta kama mtoto. Zile nyayo za watu zinazofutika polepole kwenye theluji, mabomba yanavyoguna kabla ya kupasuka, yule mlinzi wa kisima anayejipigapiga mabega ili apate joto, vyote vizuri mno. Nilijenga ghala, karakana na zahanati, nikapanga mitaa minne kukizunguka kisima, nikajiona kiongozi hasa. Siku ya kumi na tisa ya mji baridi ikashuka hadi nyuzi hamsini chini ya sifuri. Mvuke haukutosha. Nikaambiwa nichague mtaa wa kuzimwa.

Nikauzima Mtaa wa Nne. Uko mbali zaidi na kisima, na wakazi wake ni wafua nguo na wakata barafu, ishirini na wawili tu. Kesho yake wafua nguo wakagoma, zahanati ikakosa mashuka safi, wagonjwa wakaongezeka, wachimbaji wa kisima wakaugua, kisima kikaziba, mji mzima ukafa. Nikaanza upya. Safari hii nikauzima Mtaa wa Pili, nao mji ukafa siku ya ishirini na moja. Nikaanza tena, nikapunguza mvuke kidogo kidogo kila mtaa ili wote wabane meno pamoja. Wakabana meno pamoja, wakafa pamoja.

Na kanuni zenu mmezificha kama watu wanaoficha ufunguo wa ghala. Hakuna mahali mlipoandika kwamba bomba likikata kona hupoteza joto. Nililigundua hilo mwenyewe, baada ya kuzika watu mia nne na kitu. Halafu lile tangazo linalojitokeza juu ya skrini kwa herufi nyekundu, kwamba Mtaa wa Nne umezimwa tena. Hilo neno "tena", kaka, nani aliliweka? Kila nikilisoma nilihisi nasutwa.

Mama ndiye aliyenitoa siku ya kumi na tisa. Alikuwa akipiga pasi nyuma yangu, nami nafoka peke yangu, akauliza ninagombana na nani. Nikamweleza. Nilidhani atacheka arudi kwenye pasi yake, kumbe akavuta kiti. Unakumbuka alivyokuwa mpishi mkuu pale hospitali miaka ishirini na sita, na jinsi anavyokagua jiko la mtu mwingine kwa macho tu. Aliukagua mji wako vilevile. Akauliza kwa nini jiko la watu wote liko pembeni, karibu na ghala. Nikajibu kwamba hapo chakula hakisafiri mbali. Akasema chakula kinaweza kusafiri, mtu mwenye njaa na baridi ndiye asiyeweza. Akataka nilihamishie jiko katikati, jirani na kisima, watu wakija kula wapate joto hukohuko, na nyumba zao zihitaji mvuke kidogo.

Nikamfuata. Mji ukapita siku ya kumi na tisa, ukapita ya ishirini na tano, ukafika ya thelathini na moja. Nilipiga kelele hadi jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mama alishaanza kuwaita watu wako kwa kazi zao, anauliza fundi bomba amelala au bado, anataka yule mkata barafu mwenye kikohozi apelekwe zahanati kwanza.

Kisha ikaja dhoruba. Nyuzi sabini. Jiko lipo katikati, mabomba hayana kona, kila kitu tumekipanga sawasawa, na bado mchezo ukanitaka nizime mtaa mmoja. Nikauzima ule ule wa Nne, tangazo likatokea. Mama akanitazama.

"Sasa utawaambiaje?" akauliza.

Nikamwambia hakuna kuwaambia, tangazo linakwenda lenyewe. Akasema niende mwenyewe mpaka mtaani kwao. Nikamwonyesha kwamba hakuna kitufe cha jambo hilo. Kuna kitufe cha kuongeza walinzi, cha kupunguza supu, hata cha kusimamisha mnara wa ukumbusho, ila cha kwenda kwa watu na kusema nao hakuna. Akanisimulia kwamba kule hospitali, chakula kilipopungua, hakuwahi kumtuma mhudumu. Alikuwa anaingia wodini mwenyewe na upawa mkononi, anasema leo ni nusu, na nimeamua mimi. Walimtukana, wakala, kesho yake wakamsalimia.

"Aliyetengeneza kitu hiki anawaogopa watu," akasema, akarudi kupiga pasi.

Hakujua kwamba anamzungumzia mwanawe. Mimi nilijua, na sikumwambia. Nilibaki nimekodolea macho skrini, hasira zote za wiki mbili zimekusanyika hapo. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mchezo wako, kaka, na ni yeye aliyeiona, si mimi niliyesomea. Umetengeneza mji ambao kiongozi anaweza kuua mtaa mzima na asionane nao uso kwa uso. Watu wanakuja kulalamika kwake, yeye haendi kwao kamwe. Sijui kama ulikusudia. Kama ulikusudia, hukuonyesha kwamba umekusudia.

Nikakaa kuandika. Rasimu ya kwanza nilisifu kila kitu mpaka mwenyewe nikaona haya, ilikuwa barua ya ndugu si uhakiki. Nikaichana. Ya pili niliiandika nikiwa nimekasirika, na ikatoka kwa mkupuo, kali, ya kuchekesha, kila aya ina meno. Mhariri aliposoma alipiga meza kwa kiganja akasema huyo ndiye mwandishi anayemjua, akataka itoke Alhamisi. Nilipoisoma tena kabla haijakwenda mitamboni nikakuta sentensi moja inayosema kuwa mchezo huu ni kazi ya mtu anayependa mashine kuliko waja. Sentensi hiyo haikuwa mpya. Nilishawahi kuiandika.

Hapa kaka naomba ukae, kama umesimama.

Miaka minne iliyopita, ulipotoa mchezo wako wa kwanza, ule wa kiwanda cha mikate, ulitoka uhakiki mmoja katika jarida ambalo siku hizi halipo. Aliyeuandika alijiita Ulimi Mchungu. Unaujua kwa moyo, maana ulinisomea wote, ukiwa umekaa kwenye kochi langu. Baada ya uhakiki ule wengine wakadakia maneno yake yale yale, wafadhili wakajitoa, na ndani ya wiki tano ofisi yenu ikafungwa na wenzako sita wakatawanyika. Wewe ukaja kwangu ukalala sebuleni miezi miwili. Ulimi Mchungu ni mimi.

Sitakudanganya kwamba sikujua mchezo ni wako. Nilijua. Uliniahidi kwamba hadithi ya mchezo ule nitaiandika mimi, na nilikuwa nimeshaanza, nina daftari limejaa watu wa kiwanda, mkandaji unga, msukuma toroli, mwanamke wa dirisha la kuuzia. Halafu ukampa kazi hiyo rafiki yako wa chuo, na mimi nikapata habari kwa mtu mwingine. Hukuniambia. Nami sikukuuliza. Jarida lilipotafuta mhakiki nikajitokeza kwa jina la bandia. Kila kasoro niliyoitaja ilikuwepo kweli, nilihakikisha hilo, nikajiambia kwamba basi nimetenda haki. Lakini nilizitafuta kama mtu anayetafuta chawa, na nilizisema kwa namna ya kukuumiza wewe, si ya kumsaidia msomaji. Nilijua pa kugusa kwa sababu nimekua na wewe.

Ulipomaliza kunisomea siku ile ulisema, "Huyu mtu ananijua." Nikakujibu kuwa ni mpumbavu tu, usimsikilize. Nikakutengenezea chai. Miezi miwili nilikutengenezea chai kila asubuhi, wewe ukanishukuru, ukawa unamwambia mama kwamba bila mimi usingesimama tena. Hayo ya shukrani ndiyo mabaya zaidi. Uhakiki niliuandika kwa siku moja, lakini shukrani zako nilizipokea siku sitini na sikukataa hata moja.

Basi Jumatano nilikwenda kwa mhariri nikamwambia mchezo ni wa kaka yangu. Akaudhika, akauliza kama kuna jingine analopaswa kulijua. Nikamwambia na la Ulimi Mchungu. Alizungusha kalamu, kisha akasema safu yangu imekwisha, nirudishe kitambulisho mapokezi. Hakupandisha sauti. Nilitamani angepandisha, ningepata wa kumkasirikia. Mchezo wako amempa mhakiki mwingine, kijana makini asiyekujua, kwa hiyo utahukumiwa na mtu safi. Rasimu yangu nimeifuta.

Nilipofika nyumbani na sanduku langu la vitu vya ofisini, mama alikuwa jikoni. Nikamweleza yote, tangu daftari la watu wa kiwanda hadi kitambulisho. Akazima jiko. Akaniuliza swali moja, kama wewe unajua. Nikamjibu kwamba bado.

"Basi hapa kwangu umefuata nini?" akasema.

Akatoka nje ya jikoni akaniacha na sufuria. Tangu siku hiyo tunasalimiana, tunakula meza moja, ila hajavuta kiti kukaa nami. Aliporudi sokoni jana aliweka bahasha na stempu kando ya kompyuta yangu.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua. Itakuwa kukutwisha kazi nyingine juu ya ile niliyokwisha kukutwisha. Wenzako sita nao wana haki ya kujua. Naomba unitumie anwani zao, nitawaandikia mmoja mmoja kwa jina langu, na yeyote atakayetaka kunijibu vibaya ana ruhusa. Ukiona afadhali uwaambie wewe, fanya hivyo. Na ukitaka kumwambia wifi kabla hujaamua lolote, usinionee haya. Mwambie kama ilivyo.

Kuhusu mchezo wenyewe, maneno ya mama yachukulie kama ya mtu ambaye hakujua unahusika, kwa hiyo hayana upendeleo wala chuki. Yangu mimi yapime unavyotaka, umeshaona yametoka wapi. Ila nimeucheza hadi siku ya thelathini na moja mara saba, na mtu hachezi mara saba kitu kibaya.

Nisalimie wifi na umbusu binti kwa niaba ya shangazi yake. Mama anakusalimu, goti na yote. Anasema uvae soksi, hata kama huko kwenu hakuna baridi, maana siku hizi akikuwaza anawaza theluji.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakupigia simu. Isipopokelewa nitajua barua imefika, na Jumamosi inayofuata nitapiga tena, saa ile ile.

Ni mimi mdogo wako.