Nitasafiri, na Nitarudi

Mke wangu mpendwa, Mama Sechelela,

Salamu nyingi kutoka Mpwapwa. Mimi na mwanetu hatujambo. Hii ni wiki ya tatu tangu uende kwa bibi yako kule Bahi. Ulisimama mlangoni na mfuko wako, ukasema neno moja tu: "Nakuacha kabla hujaniacha." Leo nimefunga duka mapema ili nikujibu.

Unakumbuka tulivyokutana Kibaigwa? Marobota ya mitumba ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kumiminika sokoni, na wewe ulikuwa umetandaza turubai lako karibu na malori ya mahindi. Mimi nilikuwa bwana mifugo mgeni, nimesimama nashangaa. Ukanivisha koti bila kuniuliza. "Hili lilikuwa linakungoja wewe," ukasema, ukacheka mpaka watu wakageuka. Haukupita mwezi ukaniambia hakuna mwanamume kama mimi chini ya jua. Nikaamini. Nani asingeamini?

Kisha ikaja siku niliyochelewa kutoka kwenye josho la ng'ombe. Baiskeli ilipata pancha, nikaikokota njia nzima. Nilikuta nguo zangu zimetapakaa uani, kuku wanazikanyaga. "Rudi huko huko ulikokuwa! Wewe ni sawa na wengine wote!" Hata sababu hukuiuliza. Muda si mrefu ulikuwa umepiga magoti, unaokota shati moja moja, unalia, unaniomba nisiondoke. Nikadhani ni hasira za ugeni wa ndoa. Lakini ilirudi, na ikarudi tena. Leo mimi ni malaika, kesho ni Ibilisi, na kwa kweli sikuwa nimebadilika kitu.

Kaka yangu alisema umenilisha limbwata, ndiyo maana sikurudishi kwenu. Hata mimi sikuelewa tulichokuwa nacho ndani ya nyumba.

Nilipopunguzwa kazi serikalini nikafungua duka la dawa za mifugo, nikaitwa semina ya wiki mbili Dodoma. Ulinifuata ndani ya basi peku, Sechelela mgongoni, ukanishika mkono wa shati. "Ukienda nakufa." Abiria wote walitukodolea macho. Kondakta akasema, "Mzee, malizaneni, tunaondoka." Nikashuka. Siku ile niliona nimefanya hivyo kwa mapenzi. Leo najua nilikufundisha kwamba safari yangu kweli ni hatari, na nilikosea.

Kwenda hospitali ya magonjwa ya akili ulikubali mwenyewe, na sitasahau ujasiri huo. Ulijitanda khanga usoni kwa sababu watu wa mjini wakikuona kwenye lango lile wanajua la kusema. Daktari, mama mtu mzima, aliandika jina refu la Kizungu ambalo mimi na wewe lilitushinda kutamka. Kisha akasema, "Binti, wewe si mwendawazimu. Woga wa kuachwa unakukamata kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Itachukua muda, lakini watu wanapata nafuu." Ndipo ulipomweleza kwamba utotoni ulihamishwa nyumba nne, kila ndugu akikuchoka anakupeleka kwa mwingine, mpaka bibi yako alipokuchukua. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulisikia hilo. Akanigeukia mimi: "Na wewe baba, usimbishie anachohisi. Ila usiyumbe."

Nikaanza kujifunza kutoyumba. Nilikuambia, "Naenda Kongwa, narudi Alhamisi kwa basi la mchana," na Alhamisi mchana nikashuka. Sahani zote ulikuwa umezivunja Jumatano. Tulikula kwenye sufuria sisi watatu, tukacheka. Lakini hukumwacha mtoto, na ulipoona unazidiwa ulikwenda kukaa kwa jirani, Mama Chilewa, mpaka ikapita. Kwangu huo ulikuwa ushindi. Hukuniona, lakini nilitokwa machozi.

Na mimi si mtakatifu. Ipo siku nilikaa dukani makusudi, sina mteja wala kazi, nikijua unavyoteseka nikichelewa. Nilitaka uumie. Nisamehe kwa hilo.

Sasa lile la siku uliyoondoka. Nilipokuambia naenda Dodoma kuagiza dawa, ulinitukana mbele ya Sechelela. Nikasema, "Mbele ya mtoto, hapana. Narudi baada ya saa moja." Nikamshika mkono tukaenda kwa Mama Chilewa. Tuliporudi, mfuko wako ulikuwa tayari mlangoni. Ulipoondoka, Sechelela aliniuliza, "Baba, mama akikasirika, ni mimi nimekosea?" Ana miaka sita, mke wangu. Nilimwambia hapana, mama anaumwa na anatupenda. Sijui kama aliniamini.

Kwa hiyo nisikilize. Kaka alikuja Jumapili na jina la binti wa kunioza. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka njiani. Sioi. Wala sikurudishi kwa mtu. Lakini duka sifungi, na safari sitazikatisha tena. Ukianza matusi mbele ya mtoto nitamchukua nitoke, na nitarudi saa niliyosema. Kliniki yetu iko mwezi ujao. Tutakwenda wote, na khanga ukitaka jifunike, usipotaka acha.

Jumamosi nakuja Bahi na Sechelela. Mwambie bibi mume wake anakuja, aniwekee kigoda na mlenda. Ukiwa tayari, tutarudi pamoja. Usipokuwa tayari, sitakulazimisha. Nitakuachia mtoto umshike jioni nzima, Jumapili nitapanda basi naye, na Jumatatu nitafungua duka. Jumamosi itakayofuata nitakuja tena. Ukikataa kuniona, nitakaa na bibi, na Jumamosi nyingine nitakuja vilevile.

Nimechoka mara nyingi, sikufichi. Lakini nimejiuliza sana wiki hizi tatu, nyumba ikiwa kimya, na kila mara nimepata jibu moja. Ni wewe ninayekutaka, pamoja na ugonjwa wako, na tutauuguza pamoja.

Mfungulie Sechelela mikono akishuka kwenye basi. Atakukimbilia.

Wako, ambaye haendi popote bila kusema siku ya kurudi,

Mumeo, Baba Sechelela