Kipolandi cha Kumsalimia Mkwe

Igowole,
Mufindi.
10 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Goodness,

Kamwene. Na marahaba, maana najua ungeniamkia. Hujambo huko Lublin? Tomasz naye hajambo? Kile kifua kimepona, au bado unatoka nje bila skafu? Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Sakitu imeunguza viazi vyangu vya bondeni, na magoti yananiamsha kabla ya jogoo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na hicho Kipolandi chenu. Uliponiomba mimi shangazi yako nizungumze na mama yake Tomasz, kwa kuwa baba yako amekataa kupokea posa ya watu ambao hawajasalimiana na nyumba yetu, nilikubali upesi. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu. Nikajiambia, lugha ni lugha. Nilijidanganya, mwanangu.

Ile programu uliyoniwekea kwenye simu haijui kusalimia. Siku ya kwanza kabisa, hata hodi hakuna, imeniambia mvulana anakula tofaa. Kesho yake paka anakunywa maziwa. Nimekaa wiki nzima na paka huyo, na hakuna aliyeniuliza nimeamkaje! Ikabidi niende kwa Padri Liberatus, aliyesoma huko kwenu, anifundishe Jumamosi baada ya maungamo.

Padri ni mvumilivu, lakini lugha yenyewe haivumiliki. Meza ni mwanamume, kahawa ni mwanamke, dirisha si huyu wala yule. Nikauliza nani aliwakagua, Padri akacheka mpaka akavua miwani. Halafu kahawa hiyo hiyo haitulii. Ikiwepo mezani ni kawa, nikiinywa ni kawę, ikiisha ni kawy. Sisi mabadiliko tunayaweka mbele ya neno, mtu akifungua mdomo tu unajua anaelekea wapi. Wao wanayaficha mkiani, na mimi nikifika mkiani pumzi imeshakwisha. Nimewakumbuka watoto waliokuwa wakilia darasani kwangu kwa sababu ya ngeli. Maskini, nimewaelewa sasa.

Kitu kimoja tu nilikipenda. Ukiwa mtu mzima huambiwi “wewe”. Unaitwa Pani, na unazungumziwa kama vile uko chumba cha pili. Hiyo ni heshima, na heshima naielewa.

Basi nikamwambia Padri paka na tofaa vitupwe, anitengenezee salamu kamili kama za kwetu. Habari za watoto, za mifugo, za kuku, za mwenye nyumba. Aliniambia Wapolandi hawasalimiani hivyo. Nikamjibu kwamba mimi simsalimii Mpolandi, namsalimia mkwe.

Jumapili iliyopita baba yako alikuja kutoka Mbeya na koti lake la kanisani, tukakaa watatu mbele ya simu ya Padri. Akatokea mama yake Tomasz, Mama Halina, mnene mwenye uso mwema. Nikauliza watoto wanaendeleaje, akajibu vizuri. Nikauliza ng'ombe, akashangaa. Nikauliza kuku, akacheka kweli kweli, kumbe anakaa ghorofa ya nne. Baba yako naye akacheka. Nikapata moyo, nikanyoosha mgongo na kuuliza sentensi niliyokuwa nimeifanyia mazoezi kuliko zote: Jak się ma pani mąż? Mume wako hajambo?

Goodness, yule mama alifunika uso kwa mikono.

Padri ndiye aliyezungumza naye, akatugeukia na kutuambia kwamba mume amefariki tangu Februari. Na kwamba wewe ulikuwepo makaburini, umemshika mama mkono!

Nimekasirika, na naandika nikiwa bado nimekasirika. Unajua fika kwamba kwetu posa haizungumzwi na nyumba yenye msiba kabla hatujawapa pole. Ulijua, ukaogopa harusi itasogezwa mbele, ukanyamaza. Ukaniacha mimi, mtu mzima, nimuulize mjane habari za marehemu kwa lugha ya kukariri. Baba yako alisema neno moja tu: “Mtoto wangu kazika mkwe, sisi tunauliza kuku.” Akatoka nje, akasimama kwenye ukungu.

Mimi nilibaki. Maneno yote ya Kipolandi yalinikimbia, hata paka. Nikasema, “Pole, mama. Pole sana,” na machozi yakanitoka. Yeye akaanza kusema, akasema muda mrefu, nami sikuelewa kitu. Baadaye Padri alinieleza. Tangu mazishi, majirani wakimwona wanaongelea hali ya hewa. Wanaogopa kumtaja mumewe. Mdomo wa kwanza kumwulizia ulikuwa wangu. Akaomba tumpigie tena Jumapili ijayo.

Sasa nisikilize. Baba yako hajaikataa posa, ila imesimama. Wewe ni miguu yetu huko. Barua hii ikikufika tu, nenda kwa Mama Halina, sema umetumwa na Igowole kutoa pole, na ukae naye. Usitaje harusi. Pika, osha vyombo, na akinyamaza nawe nyamaza.

Mama yako Faustina anakusalimu, amekuombea Misa ingawa naye amenuna. Bibi Esnath anauliza kama huko kuna ugali. Kaka yako Timotheo anasema umetuzidi akili, mimi nasema umetuzidi woga. Msalimie Tomasz, mpe pole yangu ya baba yake, nimechelewa bila kupenda.

Mungu akulinde, akupe moyo wa kusema mambo yakiwa bado mabichi.

Kuhusu Jumapili, nimemwomba Padri sentensi moja tu, nami naisema nikipalilia, nikikoroga uji: Jaki był pani mąż? Mume wako alikuwa mtu wa namna gani? Jibu litakuwa refu, na mikia ya maneno itanipita yote. Nitamsikiliza hivyo hivyo mpaka amalize.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikinuna,
Apolonia