Gunzi la Kukata

Jumapili, jioni. Asubuhi mvua imepiga, sasa hivi jua, na udongo wa Lukole, kambi yetu ya wakimbizi, umenata kwenye viatu mpaka miguu mizito. Nina hasira. Siyo ya kulia.

Leo nimeshindwa mbele ya watu wote. Naandika kabla sijaanza kujidanganya.

Baada ya misa sisi vijana tunakwenda mteremkoni, nyuma ya nyumba za mwisho za kambi, kupiga magunzi kwa manati. Mmoja anarusha gunzi, mwingine analipiga likiwa hewani kwa kidonge cha udongo mkavu. Magunzi wanaleta Wahangaza, wenyeji wetu, maana mahindi yetu ya mgao yanakuja yameshapukuchuliwa. Kwa hiyo gunzi halipotezwi. Kila Jumapili mtu anarushiwa matatu; ukiyakosa yote Jumapili tatu mfululizo unatolewa kwenye mstari, unapewa kapu, unakuwa mwokotaji wa magunzi mpaka maharage yavunwe.

Mimi nilikuwa nimeshakosa mbili.

Gunzi la juu, linalopanda na kushuka mbele yako, naliweza. La kukata ndilo linanitesa. Linapita kutoka kushoto kwenda kulia, kidonge changu kinafika likishapita. Kila siku nyuma.

Jumapili hizi zote nimewaangalia wanaopata. Hawasimamishi mkono. Wakishaachia mpira wa manati, kiuno bado kinageuka. Mimi nikiachia naganda. Nilizoea kulinda mtama kwetu Burundi, na ndege wa kwenye mtama nilikuwa nawapiga wakishatua.

Bukuru, mwenyeji anayerusha, alinionea huruma. "Nikurushie la juu, sha, rafiki yangu. Moja tu, ubaki kwenye mstari."

Inaruhusiwa. Mpigaji anachagua.

Pale huwa siongei. Leo nikasema, "La kukata."

"Eh! Bubu kasema!" Wakacheka. "Mpeni kapu kabisa, aanze kazi!"

La kwanza, nyuma. La pili, nyuma, nimeganda kama mti. La tatu nikageuza kiuno, macho yakalitangulia gunzi, nikaachia huku bado nageuka.

Nikakosa.

Lakini nilikiona kidonge. Kilipita mbele ya gunzi, kama kiganja kimoja, kikapasukia kwenye kichuguu. Wengine walikuwa wanacheka, hakuna aliyeona.

Miezi yote hii sijawahi kukosa kwa mbele.

Bukuru akanipa kapu. "Ungekubali la juu ungebaki," akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

"Ningebaki na nini?"

Nikainama, nikaanza kuokota.

Wacheke tu. Nitaokota mpaka maharage yavunwe, na kila jioni nitageuza kiuno hapa nyuma ya nyumba, hata bila gunzi, mpaka mwili usahau kuganda. Siku nikirudi kwenye mstari, wasiniulize nataka lipi.

Nyuma nilishapajua. Leo nimepajua na mbele. Gunzi liko hapo katikati.