Nusu Mshahara, na Mama Yuko Shambani

Jumapili, Mei inaelekea ukingoni. Mvua ya Ifakara imekatika saa nane mchana na ua mzima ni matope. Tangu nirudi kutoka Mchombe, kijijini kwa mama, sijatia kitu mdomoni.

Chuo kimoja cha hapa mjini kimenipa nafasi ya kufundisha siku mbili kwa wiki. Siku zilizobaki ningeandika tasnifu yangu ya uzamivu, ambayo imelala mwaka mzima. Ila itabidi niache kazi yangu ya sasa kwenye mradi, na mshahara utashuka karibu nusu. Msimamizi wangu wa masomo amechoka kunisubiri, na chuo kinataka jibu kesho.

Nimekuwa nikijiambia siwezi, kwa sababu ya mama.

Mpunga ukianza kuiva, watu wa kwetu huhamia mashambani kuamia ndege wasiumalize. Wanalala kwenye vibanda, na kuanzia alfajiri ni kupiga madebe na kupiga kelele mpaka jua lizame. Miaka mitatu iliyopita mgongo wa mama uligoma. Nikamwambia akae nyumbani, nitakuwa natuma hela ya vibarua. Siku ile nilijiona mtoto mwema kweli. Sasa nusu mshahara niliiona kama kumrudisha mama shambani kwa mkono wangu, na leo nilikwenda kumweleza hilo.

Nikakuta mlango umefungwa.

"Mama yako yuko shambani, wiki ya tatu hii," jirani akaniambia. "Hata mwaka jana si alikuwa huko huko?"

Kila nikimpigia simu alinijibu, "Nipo tu, mwanangu." Nami nikaridhika.

Nilimkuta juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia mpunga, kopo mkononi, sauti imemkauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakwambia niko huku?"

Akanieleza bila kuona haya. Kibarua wa kwanza alisinzia, ndege wakamaliza majaruba mawili ya mpunga. Hela yangu inalipa wa kulima na wa kuvuna, lakini ndege hamwachii mtu tena. Nikachungulia kibandani. Chandarua chake kina matundu, ameyafunga mafundo.

Tasnifu yangu inahusu malaria kwa wakulima wanaolala mashambani. Nimehoji wanawake kuanzia kijiji cha Mkula mpaka huku kwetu, nikiwauliza wanalala wapi na vyandarua vyao vikoje. Mama yangu ni mmoja wao na sikujua. Nimeona aibu ambayo sijui niipeleke wapi.

Nikamweleza habari ya chuo na mshahara. Akapiga kopo mara mbili, kisha akauliza:

"Kwani shule hujamaliza? Mimi watu wote nimewaambia ulishamaliza."

Ni kosa langu. Mwaka jana aliponiuliza, nilimjibu "tayari mama," kwa sababu nilikuwa na haraka.

"Hela ikipungua tutalima kidogo," akasema. "Nenda kamalize, nisionekane mwongo."

Hakucheka. Mimi nililia njia nzima ndani ya basi, nimegeukia dirishani abiria wasinione.

Sasa niseme kweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Mama kurudi shambani si ndicho nilichokuwa nikikiogopa. Ninaogopa kushuka kwenye gari la mradi. Ninaogopa vijana niliowafundisha kazi waache kuniita bosi. Na zaidi ya yote, ninaogopa nikipata muda wa kutosha nitagundua kwamba tasnifu ile siiwezi. Kazi nyingi ilinificha vizuri, na mgongo wa mama ukanipa sababu ambayo hakuna mtu angethubutu kuipinga.

Barua ya kuacha kazi nimeiandika. Haikufika hata nusu ukurasa.

Kukicha naipeleka, kabla sijampata mtu mwingine wa kumsingizia.