Jina Lisilokuwepo Kwenye Kombe la Sataranji

Nyumba ya nyuma ya karakana,
S.L.P. 318.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Binamu Sindano,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Na lile goti la kushoto ulilosema linagoma kupanda ngazi, limeanza kusikia dawa? Sisi tu wazima, ila uzee, na huo hauna hospitali. Mke wangu ameiona picha uliyotuma, anasema umenenepa. Nimemwambia sindano hainenepi, labda ni uzi tu umeongezeka. Usinune. Binamu asipokutania, atakutania nani?

Bati la karakana bado linavuja palepale. Kazi sasa anaiendesha mwanangu mkubwa, naye amenunua mashine ya kuchonga herufi. Inachonga majina ishirini kabla chai haijapoa, wala haikosei. Mimi nakaa kwenye stuli ya baba, nang'arisha vikombe na kuwasumbua wateja kwa hadithi.

Ningeendelea na habari za bati hadi karatasi iishe, maana najua kinachofuata. Lakini nimeshachana barua tatu kwa ajili ya bati hilo, na hii nataka ifike posta.

Jumanne iliyopita katibu wa klabu ya sataranji alikuja na kombe kwenye mfuko. Huyu ni mfamasia, mtu wa taratibu sana, humjui. Alisema binti yako amemwandikia. Mwezi wa sita unatimiza miaka sabini, naye anataka picha ya kombe, pale jina lako lilipochongwa, aiweke kwenye fremu akupe. Ilikuwa akushtukize, na mimi nimeshaiharibu hiyo zawadi. Liongeze kosa hilo kwenye mengine. Katibu aliligeuza kombe mara tatu, kisha akanitazama. "Mzee, hili jina la Sindano liko upande gani? Au macho yangu yameanza kuchoka?"

Nilimwambia macho yake ni mazima. Jina lako halipo, Binamu. Halijawahi kuwepo.

Naomba usome hadi mwisho kabla hujaitupa. Nitaanza mwanzo, kwa sababu katibu ananiomba kila mwaka nimwandikie historia ya kombe hili, na kila mwaka nimekuwa na kisingizio.

Unajua kwamba kombe lenyewe ni birika la shaba la bibi yetu. Lilipovunjika mdomo, baba akalikata vizuri, akaziba tundu kwa kiraka, akalipa mikono miwili na kitako cha mbao. Wachezaji walikuwa wanane tu, na mashindano yakafanyika kwa Kinyozi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na viti vya kutosha. Waliokosa pa kusimama waliutazama mchezo kwenye kile kioo chake kikubwa, na wengine wakawa wanabishana farasi yuko kulia au kushoto.

Mambo ya kuchonga aliyapanga baba. Majina ya utani tu, kwa sababu karani mmoja alitaka vyeo vyake vyote viandikwe, na baba akamwambia hilo ni birika, si ukuta. Mwaka hauandikwi, majina yanafuatana yenyewe. Na bingwa hukaa na kombe mpaka mashindano mengine yakaribie, ndipo hulileta karakana na kulishika kwa mikono yake mwenyewe wakati jina lake linachongwa. Baba alisema anayetikisika hakushinda kihalali. Wa kwanza kulishika alikuwa Kinyozi mwenyewe, wa pili mwalimu yule tuliyemwita Miwani.

Mwaka wa tatu, kwenye mchezo wa mwisho, tukabaki wewe na mimi.

Ulikuwa umekaa kwetu miaka miwili, unaunganisha simu za watu mchana, na jioni unacheza nami juu ya meza ya kazi, tukipuliza vumbi la shaba kwenye ubao. Mimi ndiye niliyekufundisha farasi anavyoruka. Siku ile kwa Kinyozi uliacha farasi wako wazi kabisa, mbele ya malkia wangu, na mimi nikamla huku nikitabasamu. Hatua tatu baadaye mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia. Mtaka yote hukosa yote. Watu walikupigia makofi hadi chupa za mafuta zikatikisika, nami nikainua macho nikajiona kwenye kioo, mdomo wazi. Sura ile sikuisahau.

Miezi minane baadaye ukaolewa, na shemeji akapata uhamisho. Asubuhi ya safari ulikuja karakana na kombe umelifunga kwenye shuka. Baba alikuwa amelala ndani, macho yake yameshaingia ukungu, na kazi ya kuchonga ilikuwa yangu. Ukasema, "Binamu, mimi siwezi kungoja mwisho wa mwaka. Nichongee sasa hivi, nalishika." Nikakwambia tindo ni butu, itachukua muda kunoa, nenda gari lisikuache, nitakuchongea nikitulia. Ukacheka, ukasema, "Haya, nakuachia. Mkono wako ni mkono wangu."

Tindo haikuwa butu. Nilikuwa nimeinoa asubuhi ileile.

Siku hiyo sikupanga kukudhulumu, nakuapia. Nilitaka tu jina lako lichelewe kidogo. Mashindano yalipokaribia, Kinyozi akauliza mbona Sindano hajachongwa. Nikajificha nyuma ya kanuni ya baba: hakulishika wakati wa kuchonga, tutafanyaje? Kinyozi akasema mwandikie basi, aje hata siku moja. Nikasema nitakuandikia. Sikuandika. Mwaka huo nikashinda mimi, kwa kuwa wewe hukuwepo, na zamu yangu ya kuchongwa ilipofika nikalibana kombe kati ya magoti, nikachonga jina langu chini ya Miwani moja kwa moja. Sikuacha nafasi hata ya ukucha.

Jioni baba aliomba alipapase. Hakuwa akiona tena, ila vidole vyake vilisoma. Akahesabu: moja, mbili, tatu. Akaniuliza, "La Sindano liko wapi?" Nikamjibu, "Liko upande wa pili, baba." Akasema vizuri, akanirudishia kombe. Hakuligeuza upande wa pili, maana hakuwa na sababu ya kunishuku. Huyo ni mjomba wako aliyekupenda kama bintiye, naye amekufa akiamini uko pale.

Kisha ikaja barua yako ukiuliza kama herufi zimetoka vizuri. Nilikujibu kwa neno moja: zinang'aa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka arobaini na mmoja, na njiani nimeheshimiwa kila kituo. Kila mwaka klabu huniweka kiti cha mbele, hunitambulisha kama bingwa wa tatu wa mji huu, nami huinuka na kupunga mkono. Kinyozi hayupo, Miwani hayupo, na wengine wa wale wanane wamekwisha. Nilibaki shahidi peke yangu, nikawa shahidi wa uongo.

Utaniuliza kwa nini. Ni wivu, Binamu. Sina jina jingine la kuupa. Nilikufundisha mwenyewe ukanipita, na sikuweza kuvumilia kulisoma jina lako kila ninapoipaka shaba dawa ya kung'arisha. Kinyozi alikuwa na msemo akimpa pole kila aliyetolewa: asiyekubali kushindwa si mshindani. Niliusikia mara nyingi, nikadhani anawaambia wengine.

Na usifikiri kwamba katibu alipouliza ndipo nilipotubu. Hapana. Nilimwambia jina halipo, lakini sababu sikumpa. Aliniachia kombe nilikague, na alipoondoka tu nikawaza kukuchonga kidogo pale karibu na kitako, halafu nipake rangi ya viatu ionekane ya zamani. Nilishakwenda kuchukua kopo. Mke wangu akaniona nalo, akauliza ninang'arisha viatu gani wakati nimevaa ndala. Nikacheka, kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na nikamweleza yote palepale mlangoni. Hakunisemesha mpaka kesho yake, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwandikie."

Kabla ya kukuandikia nilikwenda klabu siku ya Jumamosi. Wanachama kumi na mmoja walikuwepo. Nilisimama, nikawaambia kama nilivyokuambia wewe, pamoja na ile ya baba na vidole vyake. Nilikuwa nimekwenda na tupa ya kusugulia chuma mfukoni, nikawaomba walikwangue jina langu. Bingwa wa sasa, dada mmoja mshonaji, alinyoosha mkono kuipokea, na sikumlaumu. Katibu akamzuia. Akasema, "Mzee, tukikufuta wewe tutabaki na uongo mwingine. Mwaka wa nne ulishinda." Walipokuwa wakitoka hakuna aliyeniaga, isipokuwa yeye.

Wamekata shauri hivi. Mwanangu atatengeneza pete mpya ya shaba izunguke shingo ya kombe, na majina ya mwanzo yaandikwe upya kwa mpangilio wa kweli: Kinyozi, Miwani, Sindano, halafu mimi. Lakini wamekataa jina lako lichongwe bila wewe. Wanasema kanuni niliyoitumia kukuzuia ndiyo itumike kukurudisha. Goti likiruhusu, njoo mwezi wa sita ulishike. Lisiporuhusu, katibu na mwanangu watakuletea kombe huko huko uliko, na tindo pia, maana mashine haibebeki. Mimi sitachonga. Mikono yangu haistahili.

Binti yako bado hajajibiwa. Katibu ameona neno hili lianze kwako. Mwambie wewe, au nipe ruhusa nimwandikie mimi, na usinipunguzie hata kidogo. Najua umewasimulia wajukuu kuhusu herufi zinazong'aa. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko yote: kwamba nilikufanya wewe, usiyejua kusema uongo, uwasimulie watoto jambo lisilokuwepo.

Sikuombi unisamehe haraka. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima, kaa. Mimi nilikaa arobaini na mmoja. Ila ukipokea hii, mtumie mke wangu hata mstari mmoja ajue imefika, maana yeye hana kosa.

Nisalimie shemeji, mwambie nimemkosea na yeye, kwa kuwa alioa bingwa bila kupewa ushahidi. Msalimie binti yako na wanawe wote. Mama yako, shangazi yangu, ukienda kaburini kwake mweleze, mimi bado naona haya. Huku mke wangu na mwanangu wanakusalimu sana, na jirani yetu fundi viatu, aliyekuwa akikuita Simu, bado anakuulizia.

Mungu akupe afya, akupe na umri wa kulishika kombe lako bila kutikisika.

Ni mimi binamu yako nikupendaye,
mshindi wa pili wa mwaka wa tatu.