Krismasi Imeangukia Ramadhani, Baba na Dada Watakulaje Pamoja?

Mpendwa mshauri Mama Germana, naomba msaada wako maana Krismasi inakaribia na mimi hata kulala silali. Naishi hapa Nzuguni na mume wangu na watoto, na mwaka huu ni zamu yangu kupokea ndugu wote kwa sikukuu, na ningefurahi kweli, maana siku hizi mchele na mafuta vimejaa madukani, si kama enzi zile za foleni, ila kuna jambo. Dada yangu Ruthu aliolewa na Iddy, Mwislamu wa Kondoa, akasilimu, na baba yetu, Mzee Sila, ambaye ni mzee wa kanisa kule Haneti, akasema hamtambui, na tangu hapo hawajasalimiana, hata mama alipofariki walikaa msibani kila mtu upande wake. Juzi nilimbembeleza baba mpaka nikalia mbele yake, akasema, "Aje Krismasi. Akila na mimi, yamekwisha." Niliruka kwa furaha, nikamtumia dada salamu kwa kondakta wa basi la Kondoa, naye akajibu, "Nakuja. Msihangaike na mimi."

Ndipo jirani yetu Mzee Halfani akanikumbusha kwamba mwaka huu Krismasi itaangukia ndani ya Ramadhani. Sisi hula mchana tukitoka kanisani, na kusogeza siwezi kwa sababu baba ana ugonjwa wa sukari na hospitali wamemkataza kukaa na njaa, na dada akikaa pale bila kugusa chakula baba ataona amedharauliwa tena. Kaka yetu Eliakimu anasema nimwambie dada asifunge siku hiyo, ati msafiri anaruhusiwa, atalipa baadaye. Halafu baba analeta mbuzi wake na anataka kumchinja mwenyewe, na nyama hiyo dada hataila, ingawa kijijini kukiwa na msiba ni baba huyo huyo anayemwita Mwislamu achinje ili watu wote wale. Na hilo jibu la dada linaniuma, naona kama hana moyo wa kuja. Nimefikiria hata kusema naumwa ili sikukuu ihamie kwa Eliakimu. Nifanyeje?

Elieth, Nzuguni, Dodoma

*

Mwanangu Elieth,

Pole, lakini ngoja nikugombeze kwanza. Huo ugonjwa wa kusingizia uache. Umemlainisha mzee aliyeshindikana miaka yote hiyo, halafu unataka kukimbia kwa sababu ya saa ya kula?

Soma tena maneno ya baba uliyoniandikia wewe mwenyewe. Alisema akila na mimi. Hakusema mchana. Huo mchana umeuongeza wewe kwa mazoea. Na sukari haimkatazi kula jioni, inamkataza kukaa na njaa. Mkitoka kanisani mpikie ugali wake wa mtama na mlenda, ale, ameze dawa kama alivyoelekezwa, apumzike. Watoto wapewe chochote cha kuwanyamazisha. Sikukuu yenyewe iwe magharibi. Uji wa futari usiutie sukari, weka bakuli la sukari pembeni, anayetaka ajitilie.

Eliakimu mwambie anyamaze. Ruhusa ya msafiri dada yako anaijua kuliko yeye, na kama ataitumia ni kati yake na Mungu wake. Mkimwomba asifunge ili baba afurahi, mtakuwa mmemfukuza mara ya pili, safari hii kwa adabu.

Sasa mbuzi. Usije ukathubutu kumchinjisha kwa siri baba akiwa kanisani, utabomoa kila kitu. Panda basi uende Haneti wiki hii, usitume salamu. Mpe shikamoo yake, kaa chini, umwambie, "Baba, kwenye misiba unawaitia watu baki mchinjaji ili wale. Naomba na mwanao umwitie." Kisha nyamaza. Usilie, machozi yako ameshayaona. Nadhani atakuna kichwa, halafu atakuuliza kama huyo jirani yako Halfani kisu chake kinakata vizuri. Ukisikia hivyo, ujue amekubali. Akikataa kabisa, Mzee Halfani akuchinjie kuku, mbuzi wa baba apikwe kwenye sufuria yake, na bado watakula pamoja. Na kama sufuria zako zimewahi kupikiwa kitimoto, azima kwa mke wa Halfani, tena mwambie dada yako wazi ili ale bila wasiwasi.

Lakini ulinikasirisha ulipoandika kwamba dada hana moyo. Unadhani Kondoa hawajui Ramadhani inaingia lini? Alijua atakuwa amefunga, na akasema nakuja. Mtu anayekubali kupigwa na barabara ile bila tone la maji mdomoni, aje kukaa mbele ya chakula anachojua hatakigusa, hafuati pilau yako. Anamfuata baba yake.

Kwa hiyo adhana ikilia, mpe maji na tende kwanza. Baba aombee chakula kwa sala yake. Maji ya kunawa, Ruthu ndiye amshikie baba, si wewe. Weka sinia moja mbele yao wawili, kisha rudi jikoni, na hata ukikumbuka kwamba umesahau chumvi, usitoke.

Mama Germana