Waridi Kwenye Sanduku la Vitambaa

Jumanne, 4 Machi

Nyumba nzima inanukia maua. Wifi kageuza sebule yangu kiwanda! Rosela juu ya kabati, maganda ya machungwa kwenye ungo dirishani, vipande vya nanasi kwenye trei — na petali za waridi uani, chini ya kitambaa chepesi nilichomkatia mwenyewe. Hata mimi fundi cherehani sijawahi kutandaza kazi zangu hivyo. Nikilalamika, mume wangu anacheka. Mwache dada yangu, anasema, angalau anaimba.

Kweli anaimba. Alipokuja kwetu miezi sita iliyopita, ndoa imevunjika, begi moja mkononi, alikuwa haongei. Yule mwanaume alimwambia kila anachokishika kinaharibika. Miaka minne anaambiwa hivyo! Sasa ana chai yake. Rosela konzi tatu, nanasi konzi moja, maganda kidogo, waridi mwisho. Maji yakichemka anaepua kwanza, anangoja kidogo, ndipo anamimina na kufunika. Petali zikipigwa na maji yanayotokota zinakuwa chungu, anasema. Nikamuuliza kajifunzia wapi. Kwa kuharibu, akajibu.

Mama Saluni wa mtaa wa pili kaonja, kaomba kikombe cha pili. Anataka chai ya kuwapa wateja wake kila wiki. Jumapili atakuja na wenzake wawili waonje, ndipo wakubaliane. Wifi kaosha mitungi yake yote ya kuwekea chai mara mbili.

Mimi nimefurahi. Na wivu kidogo, niseme tu, hapa hanisomi mtu. Miaka kumi nashona, hakuna aliyewahi kufumba macho kwa utamu wa sketi yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua! Wifi alikuwa sokoni kutafuta mananasi. Aliniachia agizo moja tu — saa saba nigeuze waridi. Saa saba nilikuwa na mama mmoja wa sare za shule, ananigombeza eti mikono mifupi, wakati mtoto ndiye aliyerefuka. Mara matone kwenye bati. Nikatoka mbio, nikabeba kitambaa na petali zake, natafuta pakavu. Meza imejaa. Kitanda kimejaa. Sanduku la vitambaa lilikuwa wazi. Nikazitumbukiza humo, nikafunga, nikarudi kwenye ugomvi wangu.

Nilizikumbuka saa kumi. Nikazitandaza kwenye trei, moja moja, kama mtu mwenye akili. Wifi kaja amelowa chapachapa, akanikumbatia. Wifi yangu, umeziokoa! Nikasema ah, kitu gani.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Walikuja watatu. Wifi kavaa gauni nililomshonea. Vikombe vyangu vya wageni, chai nyekundu, inapendeza kwa macho. Mama Saluni akapiga funda. Akasimama hapohapo, shavu limejaa, akatafuta pa kutema. Mwenzake akanusa tu, akarudisha kikombe mezani. Wa tatu ndiye aliyesema: mbona inanuka kama kabati la nguo?

Nikanusa. Vidonge! Vile vidonge vyeupe ninavyoweka sandukuni wadudu wasile vitambaa. Mimi ninashinda navyo chumbani, pua ilishavizoea. Na wifi ana mafua tangu ile mvua, hanusi kitu. Asubuhi aliniomba nionje kwa niaba yake. Nikasema baadaye, nina vifungo vya kumalizia.

Niliwapokonya vikombe vyote. Hilo angalau nililifanya. Hiyo si kitu cha kunywa mtu.

Wifi anatazama trei, anatazama mitungi, hajui pa kuweka uso. Wote wanangoja maelezo. Nami nikafungua mdomo huu — nikasema labda ni yale mafuta unayopaka mikononi, wifi.

Yalitoka yenyewe! Hapana. Hayakutoka yenyewe. Niliyachagua. Nilimwona mume wangu mlangoni, nikaona aibu inanijia, nikaisukuma kwa mwenzangu.

Wifi akatazama viganja vyake. Akasema samahani. Kwa wote. Hata kwangu.

Jumatatu, 10 Machi

Kamwaga kila kitu. Mitungi sita. Nimeshukuru kwamba hakuna atakayeinywa, na papo hapo nikajichukia kwa kushukuru.

Haimbi.

Jumatano, 12 Machi

Mafuta yake kayatupa. Sasa ananawa. Sabuni ya vipande, kisha ya unga, kisha ndimu. Vidole vimepasuka kwenye maungio. Mume wangu kamwambia basi, utajichuna ngozi. Akajibu kwamba harufu bado ipo, yeye anaisikia. Mafua yamepona na sasa anasikia harufu ambayo haipo!

Leo nilijikaza kisabuni. Nikaingia jikoni nimeshapanga maneno. Wifi, nina jambo. Akaniwahi. Akasema, wifi, nimekuwa nikifikiri, pengine yule mwanaume hakunionea. Kila ninachokishika.

Hapo ndipo pa kusema. Pangekuwa wapi pengine? Mlango ulikuwa wazi wote. Nikasema usiseme hivyo, dada. Nikachukua chumvi, nikatoka. Chumvi! Ya nini? Nilikuwa nakwenda kukunja kola.

Alhamisi, 13 Machi

Vidonge vyote nimevitoa, nimevitupa mbali, sanduku nimelianika juani. Mwizi anayefagia nyayo zake. Nimevaa miwani ya mbao, nazungumza mezani kama kawaida, naomba nipitishiwe maji.

Mume wangu kauliza kwa nini sili.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Saluni ni mtu mwema. Kapita mwenyewe kumwambia wifi asikate tamaa, ajaribu tena, kesho ataonja peke yake. Wifi kataka kukataa. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nikajiambia chai ikitoka nzuri yatakwisha, sitalazimika kusema chochote. Hiyo ndiyo hesabu yangu.

Vingine kanunua vikavu sokoni; petali mpya zinakauka ndani, karibu na joto la jiko, mbali na chumba changu. Anazigeuza kwa kijiko.

Jumamosi, 15 Machi

Ninaandika nimekaa kitandani, mlango nimeurudisha. Mama Saluni yuko sebuleni.

Asubuhi wifi kaniita jikoni. Kila kitu kiko tayari kwenye mabakuli — rosela, nanasi, maganda, waridi. Yeye kasimama mbali, mikono kaifunga ndani ya mifuko ya nailoni, kaikaza na mpira kwenye kifundo. Nikacheka, nikadhani mzaha. Hakucheka. Akasema changanya wewe, wifi. Mikono yako haina neno.

Nikachanganya! Konzi tatu, konzi moja, kidogo, mwisho. Yeye ananielekeza kwa kidevu. Taratibu, wifi, usizivunje. Nikazishika petali zake kwa mikono hii, na kila mara ananiambia hivyohivyo, vizuri sana.

Imetoka nzuri mno. Mama Saluni kanywa mpaka mwisho, kafumba macho. Akauliza nani kaichanganya. Wifi akasema kwa furaha kabisa, kwa fahari — ni huyu! Mimi sikugusa hata jani. Mama Saluni akanigeukia. Basi kazi nakupa wewe, fundi, akasema, kila wiki mitungi minne, mwenzio atakusaidia kuosha vyombo. Na wifi akaitikia kwa kichwa. Anaitikia! Mikono kaificha nyuma ya gauni.

Nikasema ngoja nilete daftari la oda.

Daftari liko hapa. Kalamu ninayo. Nawasikia wanaongea. Mama Saluni anamuuliza mikono imepatwa na nini, na wifi anajibu kwamba ni tatizo lake la siku nyingi, ila ana bahati, wifi yake ni mvumilivu.

Ananiita. Mara ya pili sasa. Wifi, umelikosa? Nije nikusaidie kutafuta?

Anakuja. Nasikia kandambili zake ukumbini